Mbawakawa mwenye nyumba mbili: kisa cha Lomechusa pubicollis kati ya msitu na malisho

Lomechusa pubicollis huhesabiwa miongoni mwa wadudu wa msituni. Mabuu wake hulelewa msituni, madume na majike hukutana msituni, mayai hutagwa msituni. Lakini mtu akilichukua neno hilo moja, akaulinda msitu kwa uzio na sheria huku nyasi zilizo kando yake zikilimwa zote, mbawakawa huyu atatoweka na mti usikatwe hata mmoja. Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa polepole, kwa sababu kinatuonyesha jinsi tunavyoweza kuijua spishi kwa jina, kwa picha na kwa nukta kwenye ramani, na bado tukakosea kabisa mahali inapoishi.

Kwanza tumjue mwenyewe. Ni mbawakawa mdogo, urefu wa kama milimita 5 au 6, rangi ya kahawia iliyoiva na kuelekea wekundu. Tafiti nyingi za karne iliyopita zinamwita Atemeles pubicollis. Siku hizi kundi la Atemeles limeingizwa ndani ya Lomechusa, kwa hiyo anayesoma maandiko ya zamani ajue kwamba ni mdudu yuleyule. Anapatikana Ulaya ya kati na ya kaskazini, katika nchi kama Ujerumani. Familia yake ni Staphylinidae, mbawakawa ambao mabawa yao magumu ya juu ni mafupi mno, hata sehemu kubwa ya tumbo inabaki wazi. Chini ya vifuniko hivyo vifupi wamekunja mabawa ya kurukia, na wengi wao huruka vizuri. Ni familia kubwa sana, yenye spishi zaidi ya 60,000 zilizokwisha kupewa majina.

Msomaji wa Afrika Mashariki amekwisha kukutana na mmoja wa familia hii, hata kama hakujua ukoo wake: yule mdudu mwembamba, mwekundu na mweusi, anayejaa kwenye taa msimu wa mvua, ambaye ukimponda shingoni ngozi inababuka. Watu wamempa jina la mji wa Nairobi na kumwita nzi, ingawa ni mbawakawa wa jenasi ya Paederus. Yeye hujitegemea, hukaa penye unyevu, mashambani na kandokando ya maji, akiwinda wadudu wadogo. Lomechusa ameshika njia nyingine kabisa. Hawezi kuishi bila sisimizi, na kinachokifanya kisa chake kiwe cha pekee ni kwamba hamtoshi sisimizi wa aina moja.

Nyumba ya kwanza ni ya kiangazi. Katika misitu ya Ulaya kuna sisimizi wakubwa wa jenasi ya Formica, hasa Formica polyctena na ndugu yake Formica rufa, wanaojenga vichuguu vya majani makavu ya misonobari, vijiti na utomvu. Kichuguu kikubwa huweza kuzidi mita moja kwenda juu. Hakijengwi popote. Sisimizi hawa wanahitaji jua liwafikie, kwa hiyo huchagua uwazi kati ya miti, kando ya njia za msituni na ukingo wa msitu wenyewe. Miti ikifunga kivuli kizito juu yao, koloni hudhoofika au huhama. Ndani ya kichuguu kuna joto kuliko nje, na wakati wa kiangazi kuna mabuu wengi na chakula kinachozunguka mdomo kwa mdomo saa zote. Humo ndimo Lomechusa hutaga.

Kilichofuata baada ya mayai kuanguliwa kiliwekwa wazi na Bert Hölldobler, Mjerumani aliyesomea Würzburg chini ya Karl Gößwald, mwanasayansi aliyetumia maisha yake kuwatafiti na kuwatetea sisimizi wa msituni. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, Hölldobler aliwafuga mbawakawa hawa pamoja na wenyeji wao maabarani na kuuliza maswali ambayo waliomtangulia walikuwa wameyajibu kwa kukisia tu. Swali la kwanza lilikuwa hili: kwa nini sisimizi wakali namna hii, wanaomrarua kila mgeni, wanambeba buu wa mbawakawa na kumlaza pamoja na watoto wao?

Jibu liko kwenye ngozi ya buu. Ubavuni na mgongoni ana tezi zinazotoa kitu ambacho sisimizi hukilamba kwa bidii na kukitambua kama dalili ya mtoto wa kutunzwa. Hölldobler aliwapaka mabuu vanishi mwili mzima ili kuziba tezi hizo. Waliopakwa hivyo walitupwa jalalani. Alipoacha pingili moja tu bila kupakwa, walipokewa. Kisha akaenda mbele zaidi: akachukua vipande vya karatasi ya kuchujia, akavilowesha kwa kemikali iliyotolewa kwenye miili ya mabuu, na sisimizi wakavibeba vipande vya karatasi mpaka kwenye chumba cha kulelea. Mimi naliona jaribio hili kuwa miongoni mwa majaribio mazuri kuliko yote yaliyowahi kufanywa juu ya wadudu, kwa sababu linaondoa kila maelezo mengine. Karatasi haina umbo la mtoto, haisogei, haina sauti. Ni kemikali peke yake iliyofungua mlango.

Akiisha kuingia, buu anaomba. Sisimizi akimgusa, huinua sehemu ya mbele ya mwili na kuutafuta mdomo wa mlezi; akiufikia, huugonga kwa sehemu za mdomo wake, na sisimizi hutoa tone la chakula kutoka tumboni. Watoto wa sisimizi wenyewe huomba kwa namna hiyohiyo, ila kwa unyonge zaidi. Hölldobler aliwapa walezi chakula kilichotiwa fosforasi nururishi, kisha akapima kiasi kilichoingia katika mwili wa kila buu. Mabuu wa mbawakawa walipata zaidi ya fungu lao. Kuwapo kwa watoto wa sisimizi hakukuwapunguzia wageni chochote, ila kuwapo kwa wageni kuliwapunguzia watoto wa nyumbani. Zaidi ya hayo, buu wa Lomechusa huwala watoto wa sisimizi waliolala jirani yake, katika chumba kilekile anamolelewa.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha ikolojia ya kisa hiki: kama mgeni ananyonya chakula na anakula watoto, mbona koloni haifi, na yeye akafa pamoja nayo? Ukichungulia chumba cha kulelea utaona watoto wa sisimizi wamelala kwa mafungu, lakini mabuu wa mbawakawa wako mmojammoja, wametawanyika. Sababu ni kwamba hawawezi kumtofautisha mwenzao na mtoto wa sisimizi. Wakikutana, mmoja anamla mwingine. Tabia hiyo ya kulana ndiyo inayoweka kikomo cha idadi yao ndani ya kichuguu. Hakuna busara wala huruma katika mpango huu, lakini matokeo yake ni kwamba kichuguu chenye nguvu huweza kuwabeba wageni hawa mwaka baada ya mwaka.

Nyumba ya pili huanza kuhitajika mbawakawa akishakuwa mpevu. Mabuu hugeuka pupa, na kuelekea mwisho wa kiangazi mbawakawa wapya hutoka, wakiwa bado hawajakomaa kwa uzazi. Wakati huohuo hali ya kichuguu inabadilika. Formica wa msituni hawalei mabuu wakati wa baridi. Malezi husimama, mzunguko wa chakula hupungua, na koloni hushuka chini ya udongo kujikusanya hadi jua la masika. Mbawakawa anayeishi kwa kulishwa hana riziki mahali ambapo hakuna anayelisha.

Kuna sisimizi wengine wasiofanya hivyo. Jenasi ya Myrmica, sisimizi wadogo wekundu wanaoishi kwenye udongo wa malisho, chini ya mawe na ndani ya vishungi vya nyasi, hupitisha majira ya baridi wakiwa na mabuu kiotani. Kwa kuwa mabuu wapo, kulishana kunaendelea. Kwa hiyo Lomechusa pubicollis, akiwa amelelewa na Formica msituni, huondoka vuli na kwenda kuishi na Myrmica kwenye nyasi. Humo hulishwa, na humo ndimo viungo vyake vya uzazi vinapokomaa. Masika yakifika hurudi msituni, hupandana na kutaga katika kichuguu cha Formica, na mzunguko unaanza upya.

Kuhama huku hakukugunduliwa na Hölldobler. Aliyekutambua mapema ni Erich Wasmann, padri wa shirika la Wajesuiti aliyezaliwa 1859 na kufariki 1931, mtafiti mkubwa kuliko wote wa zama zake katika habari za wageni wa sisimizi. Wasmann alikuwa na jicho kali na subira isiyo ya kawaida, na mengi aliyoyaona yamesimama hadi leo. Maelezo yake ndiyo yaliyoyumba. Aliona kwamba sisimizi wanamlea mdudu anayewaangamiza watoto wao, akaona kwamba uteuzi wa asili wa Darwin hauwezi kueleza jambo hilo, akapendekeza kwamba sisimizi wenyewe huwachagua na kuwakuza wageni wao kwa mapenzi. Naelewa kilichompeleka huko: ukitazama sisimizi anavyomlamba mbawakawa, ni rahisi kuona upendo. Lakini karatasi iliyoloweshwa inatuambia vingine. Sisimizi hampendi mgeni. Anasoma ishara, na mgeni amejifunza kuiandika ishara ileile kwa muda mrefu wa mageuzi.

Sasa tufuate safari yenyewe, kwa sababu ndiyo inayoamua spishi hii ipatikane wapi. Mbawakawa aliyetoka kwenye pupa hukaa kidogo kichuguuni akiomba chakula kwa walezi wake, akiwagonga kwa vipapasio na kuwagusa mdomo. Kisha kinamjia kipindi cha kutotulia: anatembea sana, anaruka, na anauelekea mwanga. Msituni ni giza kiasi. Kwenye nyasi ni kweupe. Mdudu anayeufuata mwanga kutoka chini ya miti atatokea ukingoni, na ukingoni ndiko yanakoanza malisho yenye viota vya Myrmica. Hana haja ya kujua njia. Tofauti ya mwanga kati ya msitu na uwanda inamtosha.

Akifika kwenye nyasi, pua inachukua kazi ya macho. Hölldobler aliwaweka mbawakawa kwenye mkondo wa hewa iliyopita juu ya viota, akaona kwamba katika kipindi cha kuhama cha vuli wanaifuata harufu ya Myrmica na kuipuuza ile ya Formica. Masika mambo hugeuka: wanaifuata harufu ya Formica. Nje ya vipindi hivyo vya kuhama, harufu hizo haziwavuti namna hiyo. Mdudu mmoja, pua ileile, na harufu inayompeleka malishoni Oktoba haimwambii kitu Aprili.

Mlangoni kwa Myrmica hakuna anayemjua. Mbawakawa humgusa sisimizi kwa vipapasio, kisha hukunja tumbo na kumwelekezea ncha yake, ambapo kuna tezi ya kutuliza. Sisimizi hulamba majimaji ya tezi hiyo na ukali wake hushuka. Baada ya hapo huvutwa na tezi nyingine zilizo ubavuni mwa tumbo, ambazo Hölldobler aliziita tezi za kupokelewa. Mbawakawa hulishusha tumbo ili azifikie. Pembeni mwa tezi hizo kuna vinyweleo. Sisimizi huvishika kwa taya na kumbeba mgeni hadi kwenye chumba cha watoto. Tezi za ubavuni zikizibwa, mgeni hapokelewi. Na mapatano yakivunjika njiani, ana tezi ya tatu yenye kemikali kali ya kumfukuza adui. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hukaa majira yote ya baridi, analishwa, anawala hata watoto wa mwenyeji, na jembe halioni.

Kwa nini basi asiishi moja kwa moja na Myrmica, akazaa hukohuko? Nadhani jibu ni la hesabu ya chakula. Kiota cha Myrmica ni kidogo, kina wafanyakazi mamia au elfu chache, wakati kichuguu cha Formica polyctena huwa na malkia wengi na wafanyakazi wengi mno. Buu wa mbawakawa anakua haraka na anahitaji chakula kingi kwa muda mfupi. Nyumba kubwa ya kiangazi inamudu kukuza kizazi kizima. Nyumba ndogo ya baridi inamudu kuwapitisha wachache waliokwisha kukua. Ndugu zake wana mipango yao: Lomechusa emarginata hulelea watoto kwa Formica fusca na yeye pia hukimbilia kwa Myrmica wakati wa baridi, lakini Lomechusoides strumosus hana haja na Myrmica hata kidogo, maisha yake yako kwa Formica sanguinea. Kwa hiyo kuhama kati ya nyumba mbili si sharti la ukoo mzima wa mbawakawa hawa. Ni njia mojawapo, na aliyeishika amejifunga kwa mahitaji mawili badala ya moja.

Hilo la mahitaji mawili ndilo linaloeleza mtawanyiko wake. Chukua ramani ya Formica polyctena. Kila penye sisimizi huyo utadhani Lomechusa pubicollis anaweza kuwapo. Ondoa vichuguu vyote vilivyo katikati ya mashamba ya misonobari yasiyo na uwazi wa nyasi karibu. Ondoa misitu ambayo ukingo wake unapakana moja kwa moja na shamba la ngano au barabara ya lami. Ondoa malisho yaliyogeuzwa kuwa nyasi nene za mbolea ambamo Myrmica hawapendi kukaa. Kinachobaki ni vipande vilivyotawanyika, na kila kimoja ni mshono kati ya msitu na uwanda. Mbawakawa ana mabawa na anaweza kuvuka eneo fulani la wazi, lakini sisimizi anayemlea haendi mbali kirahisi: F. polyctena huongezeka hasa kwa kugawanya kichuguu, kundi la wafanyakazi na malkia wakihamia karibu na kujenga kingine. Msitu uliowapoteza sisimizi hawa haurudishiwi na upepo. Na asiporudi mwenyeji, mgeni hana pa kurudi.

Kwamba malisho yanaweza kuwa ndiyo kiungo dhaifu, tunao ushahidi kutoka kwa mgeni mwingine wa Myrmica. Kipepeo wa buluu anayeitwa Phengaris arion huwaacha viwavi wake walelewe ndani ya viota vya Myrmica, hasa Myrmica sabuleti. Uingereza ilimtangaza kutoweka mwaka 1979, baada ya miaka mingi ya kuyalinda maeneo yake kwa uzio. Uchunguzi wa Jeremy Thomas ulionyesha kilichotokea. Ugonjwa wa miksomatosisi uliwaua sungura kuanzia miaka ya 1950, mifugo nayo ikaondolewa katika maeneo mengi, nyasi zikarefuka, udongo ukapoa, na M. sabuleti anayehitaji udongo wenye joto akawapisha sisimizi wengine. Mmea wa chakula cha kiwavi ulikuwapo, uzio ulikuwapo, kipepeo akafa. Aliporudishwa kwa mbegu kutoka Uswidi katika miaka ya 1980, kazi kubwa ilikuwa kuzirudisha nyasi fupi. Tofauti ya sentimita chache za majani iliamua hatima ya spishi nzima katika nchi.

Lomechusa hana rangi ya buluu wala mashabiki. Sisimizi wa msituni wanalindwa na sheria nchini Ujerumani, na kwa miaka mingi watu wa kujitolea wamewahamisha walipokuwa hatarini, au wamevifunika vichuguu vyao kwa wavu wa waya ili ndege wasivichimbue. Ni kazi njema na naiheshimu sana, maana bila kichuguu hakuna hata mwanzo wa kisa hiki. Lakini kichuguu kikiwa salama ndani ya wavu huku nyasi za ukingoni zikilimwa, tumelinda nyumba ya kiangazi peke yake. Mbawakawa watalelewa vizuri, watatoka Agosti wakiwa na afya, wataufuata mwanga hadi ukingoni, na wataishia kwenye tifutifu la shamba. Aliyehesabu sisimizi mwaka ule ataandika kwamba hali ni nzuri.

Tena hesabu zenyewe zinapotosha kwa njia nyingine. Mitego ya makopo yanayofukiwa ardhini, ambayo ndiyo njia ya kawaida ya kuwapata mbawakawa wa msituni, hunasa wanaotembea juu ya udongo. Lomechusa hutumia karibu maisha yake yote ndani ya viota. Njia ya kumpata ni kuchekecha takataka za kichuguu wakati wa masika, au kugeuza mawe juu ya viota vya Myrmica kabla joto halijaanza. Anayemkuta Machi chini ya jiwe ataandika malisho. Anayemkuta Juni kichuguuni ataandika msitu. Kumbukumbu hizo mbili zikiingia katika hifadhidata bila jina la sisimizi na bila mwezi, zitaonekana kama spishi yenye makazi mapana, inayoweza kuishi popote. Ukweli ni kinyume chake kabisa: ni mdudu mwenye masharti makali kuliko karibu wote wanaomzunguka, kwa sababu anahitaji makazi yote mawili, karibukaribu, kila mwaka bila kukosa.

Kwa hiyo eneo la spishi hii linapaswa kupimwa kwa urefu wa ukingo badala ya ekari za msitu. Hifadhi ya mviringo yenye msitu mzito katikati inaweza kuwa na mbawakawa wachache kuliko msitu mdogo wenye mikato mingi ya nyasi zinazolishwa na kondoo au kukatwa baada ya mimea kuchanua. Natambua kwamba wenzetu wengi wa uhifadhi huogopa neno ukingo, na wana sababu: katika misitu mingi ukingo ndio unaoleta upepo, moto na majani vamizi. Hofu hiyo ni ya haki kwa spishi za ndani ya msitu. Kwa huyu ni njia ya kwenda nyumbani, na mipango ya usimamizi inayotumia kanuni moja kwa wakazi wote wa msitu itamdhuru.

Afrika Mashariki hatuna Lomechusa pubicollis, na hatuna majira ya baridi yanayomlazimisha mtu kuhama nyumba. Tunao siafu, na ndani ya misafara yao wanatembea mbawakawa wa familia hiihii ya Staphylinidae, baadhi yao wakiwa na umbo la sisimizi kiasi kwamba jicho lisilozoea haliwatofautishi. Siafu wa jenasi ya Dorylus huhama kiota kizima, na wageni wao huhama nao, wakiifuata njia ya harufu. Anayekusanya wadudu Kakamega au milima ya Usambara, akamkuta mmoja wao amenaswa kwenye kopo, anaweza kuandika kwenye lebo msitu, urefu fulani juu ya usawa wa bahari, tarehe, na kuendelea na kazi. Lebo hiyo itakuwa imeacha jambo la kwanza ambalo mdudu huyo anategemea. Inafaa kuongezwa spishi ya siafu kwa kuwahifadhi wafanyakazi wachache katika chupa ileile, iandikwe kama msafara ulikuwa wa kuwinda au wa kuhama, na itajwe kilichopo ng'ambo ya ukingo: shamba la chai, mahindi, au nyasi. Ni mistari mitatu ya penseli, na karatasi ya lebo ina nafasi yake.